SWICHI YA MTANDAO IKIKATAA KUWAKA, TUFANYE NINI?

Ndugu wakazi wa Dzaleka,

Wengi wenu mnakumbuka ile siku ya mvua ya radi mwezi wa Januari, chumba cha kompyuta kilipokaa bila mtandao. Umeme ulikatika saa nane mchana, ukarudi saa kumi. Kompyuta zote ziliwaka, lakini hakuna hata moja iliyoona mtandao. Vijana sita walikuwa wanangoja kutuma maombi ya chuo, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Mama mmoja alikuwa amekuja kuongea na kijana wake aliyeko Zambia. Nje ya mlango maneno yakaanza: "Shirika limekata mtandao makusudi." "Hawataki tuwasiliane na ndugu zetu."

Hakuna aliyekata mtandao. Kisanduku kimoja, kinachoitwa swichi, kilikataa kuwaka. Na mimi ninayeandika ukurasa huu ndimi niliyekimaliza. Swichi ile ilikuwa haijafa. Iliyokufa ni adapta yake, yaani chaja inayoipa umeme. Watu walikuwa wengi mlangoni, nami kwa haraka nikachukua adapta ya redio iliyokuwa mezani. Kichwa chake kiliingia vizuri, nikawasha. Adapta ile ilikuwa ya volti 12, na swichi ilitaka volti 5. Tukasikia harufu ya kuungua, basi. Vijana wawili walipata kutuma maombi yao kwa simu ya kuazima. Wanne hawakuweza.

Kwa hiyo leo tunataka kueleza jambo moja ambalo siku ile sikulijua: swichi isiyowaka mara nyingi haijafa. Mara nyingi ni umeme tu ambao haujaifikia vizuri. Ukianza kutafuta kosa nje, ukaingia ndani pole pole, unaweza kulipata bila kulipa fundi na bila kuharibu kitu.

SWICHI NI KITU GANI?

Hatusemi ile swichi ya ukutani ya kuwashia taa. Swichi ya mtandao ni kisanduku chenye matundu ya kuchomekea kebo za kompyuta. Ndogo ina matundu 5 au 8, kubwa ina 24 au 48. Kila kompyuta ya chumba inaunganishwa hapo kwa kebo yake. Ujumbe ukifika, swichi inajua ni wa kompyuta ipi na kuupeleka kwenye tundu lake, kama vile kiongozi wa mtaa anavyojua kila familia inakaa nyumba gani.

Swichi haileti intaneti. Intaneti inatoka kwenye antena iliyo juu ya paa, inapita kwenye ruta, kisha inafika kwenye swichi ili igawiwe. Swichi ikilala, intaneti inaweza kuwa imefika mpaka mlangoni, lakini hakuna wa kuigawa. Ndiyo maana kabla ya kusema "mtandao umekatwa", tuitazame kwanza swichi.

Ndani ya swichi kuna kompyuta ndogo. Ikipata umeme hujipima yenyewe, husoma programu yake, halafu huanza kazi. Mafundi huita jambo hilo kubuti. Swichi ndogo hubuti kwa sekunde chache. Swichi kubwa, zile zinazopangwa kwa kompyuta, huchukua dakika kadhaa. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunawasha, tunangoja dakika moja, tunaona haifanyi kazi, tunazima, tunawasha tena. Ni sawa na kumwamsha mtu, na kabla hajakaa sawasawa kitandani unamsukuma alale tena. Swichi kubwa ipewe dakika 10 nzima kwa saa ya mkononi kabla ya kusema kwamba imekataa.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

1. Kausha mikono. Usisimame kwenye maji, hasa baada ya mvua kuingia chumbani.
2. Ukisikia harufu ya kuungua au kuona moshi, zima ukutani, chomoa plagi, usiwashe tena. Mwite mhusika.
3. Andika kwenye daftari ulichokikuta: taa zipi zinawaka, rangi gani, zinameta au zimetulia. Kama una simu, piga picha ya kebo zote zilivyochomekwa kabla ya kuzichomoa.
4. Usibonyeze kitufe chochote cha swichi kwa kujaribu. Katika swichi nyingine kubwa, kitufe cha mbele kikishikiliwa muda mrefu hufuta mipangilio yote.

HATUA YA KWANZA: JE, UMEME UNAFIKA?

Chomeka kitu kingine, kama chaja ya simu, kwenye soketi ile ile ya swichi. Simu ikikataa kuchaji, kosa liko kwenye soketi au ekstensheni. Ekstensheni zetu zinabeba mzigo mkubwa: kompyuta, simu ishirini, wakati mwingine hata jiko. Vyuma vya ndani vinalegea na kuungua. Ukiona plastiki imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka tundu, tundu hilo lisitumike tena.

Ikiwa soketi ni nzima, angalia plagi. Hapa Malawi plagi ni ya miguu mitatu bapa, na ndani yake mna fyuzi. Fyuzi hiyo ikiungua, swichi itaonekana imekufa kabisa, kumbe ni mzima. Swichi kubwa hutumia waya wa umeme kama ule wa kompyuta ya mezani. Basi azima waya wa kompyuta inayofanya kazi, uujaribu kwenye swichi. Ikiwaka, umemaliza kazi kwa dakika mbili. Ukibadilisha fyuzi, weka yenye namba ile ile. Kipande cha waya au karatasi ya sigara visiwekwe mahali pa fyuzi. Hivyo ndivyo nyumba zinavyoungua.

HATUA YA PILI: ADAPTA

Swichi ndogo hazichomekwi moja kwa moja ukutani. Zina adapta inayoshusha umeme wa volti 230 kuwa volti 5, 9 au 12. Sehemu hii ndiyo huchoka mapema kuliko swichi yenyewe, hasa mahali ambapo umeme unakatika na kurudi kwa nguvu.

Kabla ya kujaribu adapta nyingine, soma maandishi mawili: yale ya nyuma ya swichi na yale ya adapta. Linganisha mambo matatu:

- VOLTI (V): lazima zilingane. 5 kwa 5, 9 kwa 9, 12 kwa 12. Hapa hakuna "karibu sawa".
- AMPEA (A): za adapta ziwe sawa au zaidi ya zile zinazotakiwa na swichi. Zikiwa pungufu, swichi itakosa nguvu. Zikiwa zaidi, hakuna ubaya, kwa sababu swichi huchukua kiasi inachohitaji tu.
- UPANDE WA CHANYA: kuna mchoro wa duara na nukta katikati, wenye alama za + na −. Mchoro wa adapta ufanane na wa swichi.

Kichwa cha adapta kuingia vizuri si dalili kwamba adapta inafaa. Mimi nilijifunza hilo kwa kuunguza.

Kuna adapta nyingine inayodanganya. Ukiipima kwa mita ya fundi inaonyesha volti 5 kamili, lakini ikipewa mzigo inaanguka. Dalili yake ni kwamba taa zote za swichi zinawaka pamoja, zinazima pamoja, tena na tena kama mtu anayepepesa macho. Swichi inaanza kubuti, umeme unapungua, inaanguka, inaanza upya. Dawa ni kujaribu adapta nyingine inayolingana.

HATUA YA TATU: CHOMOA KEBO ZOTE

Zima swichi. Chomoa kebo zote za mtandao, ubakize umeme peke yake. Washa, ungoje. Ikiwaka sasa, mgonjwa hakuwa swichi. Ni kitu kilichounganishwa nayo: kebo iliyoliwa na panya, au kifaa kilichopigwa na radi. Rudisha kebo moja moja, ukingoja kidogo baada ya kila moja. Kebo ambayo ukiichomeka swichi inaanguka, ndiyo yenye kosa. Itenge na uifunge fundo ili mwenzako asiirudishe.

HATUA YA NNE: SOMA TAA

Taa za swichi ndizo sauti yake. Zisome hivi:

Hakuna taa hata moja. Umeme haufiki, au sehemu ya umeme iliyo ndani imeharibika. Rudia hatua ya kwanza na ya pili kabla ya kusema imekufa.

Taa zote zinapepesa pamoja bila kuacha. Swichi inaanza na kuanguka. Shuku adapta kwanza. Ikiwa adapta ni nzima, shuku vipande vya ndani.

Taa ya umeme inawaka, lakini taa ya kebo yako haiwaki. Swichi imebuti. Jaribu tundu lingine, kisha kebo nyingine. Radi inaweza kuua tundu moja au mawili na kuyaacha mengine mazima.

Taa zote za kebo zinameta kwa kasi sana, na mtandao hakuna. Swichi haijafa, imelemewa. Mara nyingi mtu amechukua kebo moja akachomeka ncha zote mbili kwenye swichi ile ile. Ujumbe unazunguka humo bila kupata pa kutokea. Tafuta kebo hiyo, uchomoe ncha moja. Watoto waliwahi kutufanyia hivyo mara mbili, wakidhani wanasaidia kwa kuwa waliona kebo inaning'inia.

Kwa swichi kubwa ya Cisco Catalyst 2960, ambayo iko mahali pengi, tazama taa iliyoandikwa SYST. Imezima: hakuna umeme. Kijani inayometa: inajipima, ngoja. Kijani iliyotulia: imewaka. Rangi ya chungwa: umeme upo, lakini swichi haifanyi kazi sawasawa. Hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye hatua ya tano.

HATUA YA TANO: SWICHI KUBWA ILIYOPOTEZA PROGRAMU

Hatua hii ni ya wale waliokabidhiwa swichi, si ya kila mtu. Tunaieleza ili mjue kwamba taa ya chungwa haimaanishi kutupa.

Programu ya swichi inakaa kwenye kumbukumbu inayoitwa flashi. Ikiharibika, kwa mfano umeme ukikatika wakati programu mpya inapakiwa, swichi inaamka lakini haina cha kusoma. Inabaki imekaa.

Mwezi wa Aprili jambo hilo lilitupata. Tulifanya hivi. Tuliunganisha kompyuta ya mkononi kwenye tundu la konsoli kwa kebo yake maalumu, mara nyingi ya rangi ya bluu bapa. Tulifungua programu ya Tera Term kwa mwendo wa 9600. Skrini ikatuandikia neno moja tu: switch: na ikangoja. Tuliandika flash_init, kisha dir flash: ili kuona kilichomo. Kama kuna faili linaloishia na .bin, huandikwa boot, nafasi, halafu flash: na jina la faili hilo, na swichi hujaribu kuamka nalo.

Kwetu faili halikuwemo. Ilibidi tulipeleke kwa njia ya kebo ile ile ya konsoli, kwa amri copy xmodem: flash: na jina la faili. Faili lazima liwe la aina ile ile ya swichi. Njia hii ni nyembamba sana: kwa mwendo wa 9600, faili la megabaiti 10 linachukua karibu saa tatu. Ndiyo maana kwanza tuliandika set BAUD 115200, tukabadilisha na mwendo wa Tera Term uwe huo huo, na kazi ikawa ya chini ya saa moja. Swichi na kompyuta tulizilisha kutoka betri ya sola kupitia inveta, kwa sababu umeme ukikatika katikati unaanza upya. Baadaye tulirudisha mwendo kuwa 9600, ili mwingine akija asikute skrini yenye maandishi yasiyosomeka.

NANI AFUNGUE KIFUNIKO?

Swichi inayochomekwa moja kwa moja ukutani isifunguliwe na mtu asiye fundi wa umeme, hata ikiwa imechomolewa. Ndani kuna kapasita, vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme. Kubwa yake hushika zaidi ya volti 300, na inaweza kuendelea kuushika kwa muda baada ya plagi kutolewa. Inaweza kumtupa mtu mzima chini.

Fundi akifungua, mwombe akuonyeshe. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Mbovu imevimba au imetoa majimaji ya kahawia. Vifaa vingi vilivyotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 vilipata ugonjwa huu, na vingi kati ya vifaa tunavyopewa kambini ni vya zamani. Kubadilisha kapasita mbili ni bei ndogo sana kuliko kununua swichi mpya. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, na volti zisiwe pungufu.

Fundi akisema "imekufa, nunueni nyingine" kabla hajafungua wala hajajaribu adapta, msitoe fedha za kikundi. Mwulize: umepima nini? Kipande kibovu kiko wapi? Akiichukua swichi, aandike jina lake na namba ya swichi kwenye daftari, mbele ya watu wawili.

Pia kuna swichi zinazokufa kweli bila kosa la mtu. Mwaka 2014 kampuni ya Cisco ilitangaza kwamba baadhi ya vifaa vyake, vyenye vipande vya kumbukumbu vilivyotengenezwa kati ya 2005 na 2010, viliweza kufanya kazi vizuri kwa miaka halafu vikashindwa kuamka siku vilipozimwa. Kwa hiyo kijana wa zamu asilaumiwe kabla hatua zote hazijafuatwa.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTIBU

- Kuanzia Novemba hadi Aprili, mkiona wingu la radi, chomoeni plagi ya umeme NA kebo inayotoka kwenye antena. Radi hupita kwenye kebo hata umeme ukiwa umekatika.
- Umeme ukikatika, zimeni ukutani. Ukirudi, ngojeni dakika tano ndipo muwashe.
- Swichi isikae sakafuni wala isifunikwe kitambaa. Vumbi la Septemba na Oktoba lifutwe kwa brashi kavu, swichi ikiwa imezimwa.
- Bandikeni utepe kwenye kila adapta, muandike jina la kifaa chake na volti zake. Tungekuwa na utepe huo Januari, swichi yetu ingekuwa hai.

MASWALI MLIYOTULETEA

Swichi ikiungua, je, barua pepe zangu zimepotea?
Hapana. Barua pepe hazikai kwenye swichi. Ziko kwenye kompyuta kubwa za mbali. Utazikuta ukifungua kwa simu au mahali pengine.

Je, faili langu la usajili linaweza kufutika?
Swichi ya chumba cha kompyuta haihifadhi faili la mtu yeyote. Usikubali mtu akutishe kwa hilo, wala usimlipe anayekuambia atalirudisha.

Je, tunaweza kuunganisha swichi kwenye betri ya sola moja kwa moja?
Swichi ya volti 5 au 9 hapana, itaungua. Hata ya volti 12 msiifunge hivyo hivyo, kwa sababu betri ikiwa inachajiwa na jua inaweza kupita volti 14. Tumieni kifaa cha kusawazisha volti, au inveta pamoja na adapta yake ya kawaida.

NENO LA MWISHO

Ndugu wakazi, wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Siku ile hatua ya pili peke yake ingetosha: kusoma maandishi mawili, kazi ya dakika moja. Mama yule alirudi baada ya siku mbili akaongea na kijana wake. Kati ya vijana wanne waliokosa, watatu wanajiandaa kuomba tena. Wa nne amesema hataki tena kungoja, na sikuwa na la kumjibu.

Swichi iliyoungua hatukuitupa. Kila Jumatano saa tisa alasiri tunaifungua mezani katika chumba cha kompyuta, pamoja na adapta mbovu na kapasita zilizovimba, na kuonyesha hatua hizi kwa mkono. Njooni, wazee kwa vijana, na hasa akina dada. Hakuna malipo. Tungependa kila mtaa uwe na watu wawili wanaojua kusoma taa za swichi, ili siku nyingine mtandao ukilala, tuitafute sababu pamoja kabla maneno hayajaenea.